Kwa anayeanza kupanda mikunazi pwani: shughulikia mzizi, kisha kisu

Mtu akipata shamba la mawe upande wa Makunduchi, au la mchanga karibu na bahari, wazo la kwanza ni kununua udongo mweusi. Ndugu yangu, fedha hizo ziweke. Mkunazi hautaki shimo lililojazwa udongo wa kuletwa. Unataka mzizi wake mkuu ushuke hadi penye unyevu kabla ya kiangazi.

Kwa hiyo anza na kokwa. Zitie kwenye maji ya chumvi kali, zinazoelea uzitupe. Zilizozama zisuuze, zipasue taratibu utoe mbegu za ndani. Hizo huota kwa wiki moja hivi. Kokwa nzima itakuweka wiki nyingi. Panda palepale shambani masika yanapoanza, mbegu mbili tatu kila shimo, mita 6 hadi 8 kati ya shimo na shimo, kisha ubakize mche wenye nguvu. Ukilazimika kutumia viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, chagua virefu na uhamishe miche mapema. Mzizi uliojikunja ndani ya kiriba hudumaza mti. Shina likifikia unene wa penseli, libebeshe, yaani liunganishe na chipukizi la aina yenye kunazi kubwa, kama Gola au Umran za India.

Mwaka wa kwanza mche huonekana umelala, kumbe unajenga mizizi. Tandaza nyasi kavu, zungushia miba mbuzi wasifike. Samadi iliyooza weka kidogo kidogo, maana mchanga hauishiki. Kwenye mawe, chokaa hufunga madini ya chuma na zinki, na majani machanga hugeuka manjano. Urea si dawa yake.

Kisu ndicho kinachowatia wageni hofu. Kunazi huzaa kwenye machipukizi mapya ya msimu uleule, hivyo mti usiopogolewa hurefuka, huwa kichaka cha miba, na matunda yake huwa madogo. Baada ya mavuno, majani yakishapukutika, kata matawi ya mwaka uliopita, robo hadi nusu ya urefu wake. Kata bila huruma! Ila acha mti mmoja karibu na njia bila kuupogoa: kukiwa na msiba, majirani watakuja kuomba majani ya kuoshea maiti, na usingependa warudi mikono mitupu.

Kunazi zinazoanguka ziokote kila siku na uzifukie chini sana. Funza wa nzi wa matunda hutoka humo, huingia udongoni, na msimu ujao huanza upya.