Shangazi, ninunue huu uzi mwekundu wa Kabala?

SWALI

Shikamoo shangazi. Mimi ni mjane wa miaka 41, niko Mikindani, mume wangu alifariki mwaka jana kwenye masika kaniachia watoto watatu na mikorosho kama sitini hivi upande wa Nanyamba. Msimu uliopita ubwiri unga ulimaliza maua, manake salfa nilipulizia nimeshachelewa, nilichovuna hata deni la kikoba hakikulipa. Shemeji ananisukuma niuze shamba, mteja anaye yeye, bei ya kutupa. Sasa kuna kijana anapita sokoni na uzi mwekundu wa kufunga mkono wa kushoto, anasema ni Kabala, siri ya Wayahudi, unaondoa mikosi unarudisha matumaini, elfu thelathini na tano. Mimi Muislamu naogopa shirki ila kusema ukweli usiku silali, nimefika mahali naona bora niufunge tu. Hiyo Kabala ipo kweli au natapeliwa?

Mjane, Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana na msiba, na pole na mikorosho maana huku kwetu hiyo nayo ni msiba. La shirki kamuulize sheikh wako, mimi huko siingii. Ila Kabala ipo, ni elimu ya ndani ya dini ya Wayahudi, watu wanaisoma miaka na miaka, na huo uzi wapo Wayahudi wanaoufunga kweli, lakini marabi wa zamani kwenye maandiko yao waliutaja uzi mwekundu wa kidoleni kuwa ni desturi za wapagani. Kwa hiyo kijana anakuuzia kitu ambacho hata wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani juu yake.

Kinachonifurahisha ni kwamba bila kujua kagusa neno lenyewe. Kwa Kiebrania matumaini ni tikva, na neno hilohilo kwenye kitabu cha Yoshua ndiyo ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili yeye na ndugu zake wasiuawe mji ukitekwa. Yaani tumaini ni kamba! Na kamba si unajua inavyopatikana, unakaa chini unasokota ukili kidogo kidogo, mikono inauma.

Sasa sikia habari ya Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa hiyo Kabala. Kazaliwa Yerusalemu 1534, kakulia Misri, 1570 akafika Safed, mji wa milimani kule Galilaya, na wengi pale walikuwa wa familia zilizofukuzwa Hispania 1492 kwa sababu ya Uyahudi wao, watu waliopoteza nyumba, makaburi ya wazee, kila kitu. Kafundisha miaka miwili tu akafa, ana miaka 38, mwenyewe karibu hakuandika kitu, aliyeandika ni mwanafunzi wake Chaim Vital. Alichofundisha ni kwamba mwanzo wa dunia nuru ya Mungu ilimiminwa kwenye vyombo, vyombo vikashindwa kuibeba vikavunjika, vigae vikatawanyika kila mahali na cheche za ile nuru zimenasa humo, na kazi ya binadamu ni kuziokota, kwa sala, kwa sadaka, hata kwa tonge la mkate ulilolishukuru kabla hujala. Kuokota huko wanaita tikun, matengenezo.

Nilivyosoma hapo nikamkumbuka bibi yangu Nachingwea. Mtungi ukivunjika hakuwa anatupa vigae vyote, kimoja kikubwa anakiweka nyuma ya jiko, asubuhi kiberiti kikiwa hakuna ananituma nacho kwa jirani kupalia moto, narudi mbio mbio na kaa moja jekundu juu ya kigae huku nalipuliza lisizime. Mtungi haukurudi kuwa mtungi, ila uji tulikunywa.

Na mimi Luria nampendea hapo hapo, hajasema wewe ndiye uliyevunja. Huyo wa uzi anakwambia una mkosi, shemeji nae nahisi anasema hivyo hivyo kwa chini chini, wakati ubwiri unga ni ukungu mwanangu, salfa inataka ipulizwe maua yanapochomoza, siyo mpaka uone unga mweupe.

Kuhusu usiku, kuna mwingine, rabi Nachman wa Breslov, kule Ukraine, 1772 hadi 1810, nae kafa na miaka 38 hiyo hiyo, kwa kifua kikuu, na alishazika watoto wake kadhaa. Huyu ndiye aliyesema kukata tamaa hakupo duniani kabisa. Alikuwa anawaambia wafuasi wake kila siku utoke peke yako, porini au chumbani, uongee na Mungu kwa lugha ya nyumbani kwako, siyo ya kitabuni, umwambie yote hadi madeni, na maneno yakigoma rudia hata moja tu, Mola wa ulimwengu, Mola wa ulimwengu. Wewe una Kimakonde chako au Kiswahili, na kuomba dua hakuna anayekudai elfu thelathini na tano.

Shamba usiuze sasa hivi. Kwanza ni mirathi ya wanao pia, shemeji hawezi kukuamulia. Pili, nabii Yeremia alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati yuko kizuizini na Wababeli wamezunguka mji, akaagiza hati iwekwe kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi, watu wazima wakimwangalia. Wewe hata kununua hujaambiwa, umeambiwa usitupe tu. Ongea na wenzio wa kikoba wakugawie deni vipande vipande, na kabla maua hayajachomoza mtafute bwana shamba akuoneshe siku ya kuanza salfa.

Huyo kijana akirudi muulize rola zima la uzi mwekundu kwa fundi cherehani kanunua shilingi ngapi, afu uniandikie alichojibu.