Beki mfupi na mfano wa Lane Hutson: tuangalie nini kabla ya kumpitisha au kumkataa kijana

Ndugu mleta uzi na wote mliochangia kabla yangu, salaam.

Hoja iliyo mezani, kama nimeielewa sawasawa, ni kwamba kuna beki wa hoki ya barafu wa miaka 17 katika OHL, ligi ya vijana ya Ontario, Kanada, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 9. Mleta uzi anaamini atakuwa nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa sababu Lane Hutson, beki wa Montreal Canadiens, naye alidharauliwa kwa ufupi wake, kisha akawabwaga waliomdharau. Upande wa pili unajibu kwamba Hutson ni bahati isiyojirudia, na kwamba beki mfupi atasagwa na washambuliaji wa kilo 100 siku atakapofika kwa wakubwa. Kijana mwenyewe sitamtaja jina, maana bado ni mtoto na maneno ya mtandaoni hayafutiki. Ila nimemtazama uwanjani mara kadhaa tangu nirudi Ottawa, na Hutson nilimtazama nilipokuwa nikifanya kazi Boston kuanzia mwaka 2022, kwa hiyo nadhani ninacho cha kuchangia.

Msimamo wangu haulingani na wa upande wowote kati ya hizo mbili. Urefu ni swali halali, lakini ni swali la pili. Swali la kwanza ni kama kile kinachomfanya kijana awe hatari leo kitabaki kuwa chake pale wapinzani watakapomnyima muda na nafasi. Wapo wachezaji ambao ubora wao unahitaji nafasi ya kupumua, na wapo wachache ambao ubora wao unaanza pale mpinzani anapowakaribia. Wote wawili huvuna pointi nyingi (mabao na pasi za mabao) katika ligi ya vijana, na kwa kutazama takwimu peke yake huwezi kuwatofautisha.

Nianze na Hutson, kwa kuwa humu ametajwa sana bila kuelezwa. Montreal Canadiens walimchukua mwaka 2022 akiwa chaguo la 62, katika drafti (zoezi la kila mwaka ambapo klabu za NHL huchagua vijana kwa zamu) iliyofanyika Montreal kwenyewe. Wanaosema Montreal waliona kile ambacho wengine hawakukiona wanasahau kwamba klabu hiyohiyo ilikwishachagua mara tatu kabla yake siku hizo: Juraj Slafkovský akiwa wa kwanza, Filip Mešár wa 26 na Owen Beck wa 33. Hutson alikuwa na futi 5 na inchi 8 na ushee, uzito wake ukiwa kama kilo 72, na inajulikana kwamba alizipelekea timu maelezo ya daktari yanayoonesha kuwa mifupa yake ilikuwa haijakomaa kulingana na umri, ili zisadiki kwamba angali anakua. Kijana anayelazimika kubeba cheti cha hospitali ili aaminiwe na waajiri amekwisha kukuambia jinsi mjadala juu yake ulivyokuwa umeelekezwa kwenye sentimita.

Kilichofuata kinajulikana. Katika Chuo Kikuu cha Boston alipata pointi 48 katika mechi 39 msimu wa kwanza, na pointi 49 katika mechi 38 msimu wa pili. Katika msimu wake wa kwanza kamili NHL, 2024–25, alicheza mechi zote 82, akafunga mabao 6 na kutoa pasi za mabao 60, idadi iliyolingana na rekodi ya Larry Murphy ya beki wa msimu wa kwanza, ambayo ilikuwa imesimama tangu msimu wa 1980–81. Akatwaa Calder Trophy, tuzo ya chipukizi bora, akiwa mchezaji wa kwanza wa Montreal kuipata tangu Ken Dryden mwaka 1972.

Namba hizo, hata hivyo, hazisemi kwa nini. Katika Agganis Arena, uwanja wa chuo hicho, nilipendelea kukaa juu, nyuma ya lango, kwa sababu ukiwa hapo unaona miguu. Kwa mwendo wa moja kwa moja Hutson hakuwa na kasi ya kutisha. Walikuwapo wenzake waliompita bila taabu. Lakini alipopokea paki, kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira, kwenye mstari wa buluu unaoanzia eneo la kushambulia, na mshambuliaji akamwendea, hakurudi nyuma wala hakuharakisha pasi. Alimngoja. Aliinamisha bega upande mmoja, akatupa macho huko, na mara yule mshambuliaji alipohamishia uzito wake upande ule, Hutson alifungua miguu hadi visigino vikatazamana na kuteleza upande mwingine, uso wake ukiwa umeelekea lango muda wote. Wapenzi wa soka watamfananisha na kiungo anayemvuta mkabaji hadi anasikia pumzi zake ndipo ageuke. Mpinzani aliyekuja kumnyima nafasi ndiye aliyemtengenezea nafasi, maana nyuma yake palibaki wazi.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Mchezaji wa namna hiyo akipanda daraja, wapinzani wanakuja kwa kasi zaidi, na kasi yao inamsaidia kuwahadaa. Ndiyo sababu, katika fainali ya Hockey East ya Machi 2023 dhidi ya Merrimack, mechi ilipoingia muda wa nyongeza na kila mtu miguu imekuwa mizito, bao la ushindi lilitoka kwake.

Udhaifu wake nao haukuwa wa kubuniwa, na wanaodai kwamba maskauti, wasaka vipaji wa klabu, walikuwa vipofu hawawatendei haki. Mbele ya lango lake mwenyewe mshambuliaji mkubwa aliweza kumsogeza alivyotaka. Alikuwa na tabia ya kufanya hila moja ya ziada mahali ambapo pasi rahisi ingetosha, na paki ikipotea kwenye mstari wa buluu mpinzani anaondoka peke yake kuelekea kwa kipa. Shuti lake halikuwa zito, na mabao 6 katika mechi 82 yanaonesha kwamba bado si silaha yake kuu. Tofauti ni kwamba kasoro hizi zina dawa za kawaida: pembe nzuri ya mwili badala ya nguvu, fimbo inayofika mapema kuliko bega, mwenza mwenye mwili wa kuzuia, na kocha mvumilivu. Kocha wake Montreal alikuwa Martin St. Louis, ambaye naye ana futi 5 na inchi 8, hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti, na bado aliongoza NHL kwa pointi mwaka 2004 na tena 2013. St. Louis alimpa kijana zaidi ya dakika 22 kwa mechi. Sijui makocha wangapi wengine wangethubutu, na mashabiki tunapopima uwezo wa kijana huwa tunasahau kwamba nusu ya jibu iko katika mlango atakaoingilia.

Sasa tuutazame upande wa pili wa sarafu, ambao nao niliuona kwa macho yangu. Februari 2019 Ottawa Senators walimpeleka Mark Stone, mchezaji waliyempenda kuliko wote, kwa klabu ya Vegas, na mzigo mkubwa waliorudishiwa katika mabadilishano hayo ulikuwa beki kijana wa Sweden, Erik Brännström, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 10, aliyekuwa chaguo la 15 katika drafti ya 2017. Sisi mashabiki wa Ottawa tulijiliwaza kwa jina hilo kwa miaka. Alikuwa na pasi safi, miguu myepesi na moyo wa kazi ambao hakuna aliyeutilia shaka. Lakini kila nilipomtazama niliona kwamba pasi zile nzuri zilitoka pale alipopewa sekunde moja ya kuinua kichwa. Mshambuliaji alipomfikia mapema, alichagua la salama: kugonga paki ukutani na kuitoa nje. Hilo si kosa, ni uchezaji wa kuheshimika wa beki wa jozi ya tatu, ile inayopewa dakika chache kuliko jozi nyingine za mabeki, ila halifanani na kile tulichoahidiwa. Mwaka 2024 klabu haikumpa ofa ya kumbakiza, naye akaenda kutafuta nafasi kwingine. Kwa urefu anamzidi Hutson. Kwa hiyo anayeeleza tofauti ya wawili hawa kwa kutumia rula hana pa kushika.

Kuhusu dai kwamba mabeki wafupi hawawezi kukaba, sitasema mengi, kwa kuwa Jared Spurgeon anatosha. Ana futi 5 na inchi 9, alichaguliwa wa 156 mwaka 2008 na klabu ambayo haikumsainisha, kisha akawa nahodha wa Minnesota Wild na mmoja wa mabeki wanaoaminika zaidi katika kulinda. Aliyeandika hapo juu kwamba hoki ni mchezo wa miraba minne anaukumbuka mchezo wa kabla ya wamiliki wa klabu kuwafungia wachezaji milango, hatua iliyofuta msimu wa 2004–05. Tangu mwaka 2005 waamuzi walipoanza kuadhibu kwa ukali ushikaji na ukwamishaji kwa fimbo, beki mwenye akili na miguu alipata hewa ambayo wale wa zamani hawakuipata.

Turudi kwa kijana wetu wa Ontario. Sifa yake ya kwanza ni utulivu anapokwenda kuchukua paki kwenye kona ya nyuma: hutazama juu ya bega kabla ya kufika, mara mbili, na kwa hiyo anajua tayari atatokea wapi. Hili ni adimu katika umri wake na mimi nalipa uzito kuliko mabao. Sifa ya pili ni pasi ya kwanza, ambayo ni ngumu na inafika kwenye fimbo badala ya miguuni. Lakini pointi zake nyingi zinatoka wakati mpinzani ana mchezaji pungufu kwa adhabu, yaani wakati nafasi ipo ya kugawana. Timu zinapocheza tano kwa tano na mshambuliaji akamwendea kwenye mstari wa buluu, huurudisha mchezo nyuma au hupiga shuti linalogonga miguu ya watu. Sijamwona akimngoja mpinzani. Aidha, katika kurudi nyuma huacha pengo kubwa mno kati yake na mshambuliaji, na katika NHL pengo hilo ni zawadi kwa mpigaji yeyote.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kubashiri, naona beki wa jozi ya tatu mwenye kazi maalumu wakati mpinzani ana mchezaji pungufu, au mchezaji mzuri sana wa AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Kumfananisha na Hutson ni kumtwika mzigo asioomba. Bashiri hii inaweza kupanda, kwa sababu kufupisha pengo ni jambo la mazoezi, na kijana anayetazama bega mara mbili ana akili ya kujifunza. Lakini ujasiri wa kumkaribisha mpinzani sijaona wengi wakiupata baada ya miaka 18.

Kuhusu njia ya kupitia, nakubaliana na aliyependekeza chuo. Tangu msimu wa 2025–26 wachezaji wa ligi za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza hoki ya vyuo vya Marekani, mlango ambao zamani ulifungwa kwao. Kule angekutana na wanaume wa miaka 22 hadi 24 badala ya watoto wenzake, angecheza mechi chache kuliko zile 68 za OHL, na siku zinazobaki angezitumia kujenga mwili. Kwa beki mfupi sioni chaguo bora, na misimu miwili ingetosha kutuonesha kama lile ninalolikosa kwake lipo au halipo.

Mwisho, kwa aliyeuliza kama Montreal walilipa kupita kiasi waliposaini na Hutson mkataba wa miaka 8 Oktoba 2025, wa wastani wa dola milioni 8.85 kwa mwaka: sidhani. Mkataba unaanza msimu wa 2026–27, na ligi ilikwisha kutangaza kwamba ukomo wa mishahara msimu huo utakaribia dola milioni 104 kwa timu, kutoka 95.5 za msimu uliotangulia. Kwa beki anayeweza kucheza zaidi ya dakika 22 na kuendesha mashambulizi yote, ningesaini bila kusita, na fedha zinazobaki ningemtafutia mwenza wa upande wa kulia mwenye kilo za kutosha kusimama mbele ya lango.