Mita 20 na Mita 10 Hazifanyi Mita 30

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili alipewa swali hili: katika mbio za mita 200, Juma humwacha Hamisi kwa mita 20, naye Hamisi humwacha Shabani kwa mita 10 katika umbali huohuo. Je, Juma atamwacha Shabani kwa mita ngapi? Alijumlisha akapata 30, akakosa. Mimi nauza vitenge Kariakoo, hesabu ndizo zinazonilisha, na kwangu pia ni 30. Kosa liko wapi? Je, Juma akirudishwa nyuma mita 20, watafika pamoja? – Mama wa Mbagala, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, mama. Jibu sahihi ni mita 29, ingawa nakiri kwamba 30 humvuta karibu kila mtu.

Simama pale mwisho wa mbio, umtazame Juma anapougusa utepe kwa kifua. Wakati huo Hamisi yuko kwenye mita ya 180. Zile mita 10 anazomwacha Shabani hupimwa Hamisi akiwa amemaliza mita zote 200, na hapo bado hajafika. Pengo kati ya wakimbiaji wawili wasiobadili kasi hukua kidogo kidogo tangu mstari wa kuanzia, kwa hiyo Hamisi akiwa kwenye mita ya 180 amemwacha Shabani kwa mita 9 tu. Kijana amejumlisha pengo lililokwisha kutimia na pengo ambalo halijatimia.

Dukani kwako jambo hili unalijua. Kitenge cha shilingi 20,000 ukikipunguza asilimia 10, kinabaki 18,000. Mteja akikubembeleza tena ukampunguzia asilimia 5 ya bei iliyobaki, atalipa 17,100. Umepoteza 2,900, wala si 3,000.

Kwa njia ya uwiano, tunaanza na kanuni moja: katika muda uleule, umbali wanaokwenda wakimbiaji hulingana na mwendokasi wao (sizungumzii mabasi yetu ya Kimara yaitwayo mwendokasi). Juma kwa Hamisi ni 200:180, yaani 10:9. Hamisi kwa Shabani ni 200:190, yaani 20:19. Ili kuziunganisha, Hamisi lazima awe na namba moja pande zote mbili. Tukimpa 180, Juma anapata 200 na Shabani 171. Swali likihusu muda wa kumaliza umbali uleule, uwiano hugeuka: Juma akitumia sekunde 27, Hamisi atatumia 30.

Haya yote yanadhani kwamba kasi haibadiliki, jambo ambalo wanariadha wenyewe hawalijali sana. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi wetu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akifuatiwa na John Walker wa New Zealand aliyetumia dakika 3 na sekunde 32.5. Uwiano wa 212.2 kwa 212.5 unamweka Walker kama mita mbili nyuma Bayi anapomaliza, na hapo hesabu haikosei sana. Ila mtu asidhani pengo hilo lilikua taratibu: Bayi alijitenga mapema, Walker akaja kumkaribia mwishoni.

Kuhusu swali lako la pili, hawatafika pamoja. Juma akianza mita 20 nyuma ya mstari, atakapokuwa amekimbia mita 200 Hamisi atakuwa amekimbia 180, na wote wawili watakuwa bega kwa bega, zimebaki mita 20. Kwa kuwa Juma ndiye mwenye kasi zaidi, atashinda tena, safari hii kwa mita 2. Wakitaka kufika pamoja, Hamisi akikimbia 200 Juma hana budi kukimbia 200 mara 10 gawanya kwa 9, yaani aanze mita 22 na sentimita 22 hivi nyuma ya mstari.