Utando Usiojaribiwa Ukiwa Mkavu, Usinionyeshe

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu ameniandikia akiuliza: "Kaka, nitumie kundi gani chanya ili utando wangu udumu kwenye alkali?" Kundi chanya ni kikundi cha atomi chenye chaji chanya, kilichofungwa kwenye utando ili ioni hasi za hidroksidi zipate njia. Swali hilo limekula ujana wangu maabarani. Na kwa kuwa najua wote mnaosoma hapa mnaitafuta siku ambayo seli ya fueli, kile kifaa kinachounganisha hidrojeni na oksijeni kutoa umeme, itafanya kazi bila platini, metali ghali ya kichocheo, namjibu mbele yenu.

Seli za alkali si jambo geni. Mhandisi Mwingereza Francis Bacon alihangaika nazo kwa miaka mingi, na kazi yake ndiyo iliyozaa seli zilizowapa wanaanga wa Apollo umeme na maji ya kunywa. Zile zilitumia mmumunyo wa potasiamu hidroksidi na kulishwa gesi safi. Zilishe hewa ya kawaida uone: kaboni dioksidi inaungana na alkali, kaboneti inaganda, vitundu vya elektrodi vinaziba. Ndiyo maana tukahamia kwenye utando wa polima, makundi chanya yakiwa yamefungwa kwenye mnyororo wenyewe, hidroksidi ikipita bila potasiamu ya kugandana nayo. Hewa bado inapunguza kasi ya ioni, lakini angalau chumvi haizibi kitu.

Tatizo ni kwamba hidroksidi hiyohiyo tunayoifungulia njia ndiyo inayoitafuna njia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipoanza, karibu kila mtu maabarani kwetu alitengeneza tando za polisulfoni, aina ya plastiki, zenye kundi chanya la trimethilamonio kwenye kaboni ya benzili, ile iliyoshikana na pete ya benzini. Ni rahisi, na zinatoka safi na angavu. Ukiziloweka kwenye alkali ya moto, nyuzijoto 80, zinageuka njano, kisha kahawia, kisha unazishika zinavunjika. Wakubwa walikuwa na maelezo mamoja tu: kundi chanya limeng'oka, tafuta kundi jingine. Mimi nikasema kwenye kikao kwamba kundi likidondoka peke yake utando hupoteza upitishaji wa ioni, lakini hauna sababu ya kuvunjika kama biskuti. Kinachokatika ni uti wa mgongo, yaani mnyororo mkuu wa polima. Vifungo vya etha, yaani oksijeni inayounganisha kaboni mbili, kati ya pete za aromatiki (pete za aina ya benzini) vinadhoofika pale kundi chanya lililo jirani linapovuta elektroni, na hidroksidi inaingia papo hapo. Nikaambiwa natafuta visingizio. Nikapima uzito wa molekuli kabla na baada ya kuloweka, ukawa umeporomoka. Nikaandika makala, nikaipeleka kwenye jarida ambalo sitalitaja, mhakiki akajibu kwa mistari miwili kwamba hakuna jipya. Leo ukileta polima yenye etha kwenye mnyororo, mhakiki wa kwanza kukurudisha ataandika kwamba etha hazivumilii alkali. Sitaki kusema zaidi, ila sijasahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu la kwanza: kabla ya kuchagua kundi, ondoa etha. Tumia mnyororo wa kaboni kwa kaboni tupu, uwe wa polietilini, wa polinorboneni au wa pete za aromatiki zilizounganishwa kwa msaada wa asidi kali sana.

Sasa kundi. Mwaka 2015 watafiti Marino na Kreuer waliloweka molekuli ndogo za amonio kwenye sodiamu hidroksidi ya moli 6 kwa lita, nyuzijoto 160. Benziltrimethilamonio, mfano wa kundi la zile tando zetu za mwanzo, ilifikia nusu ya kuharibika kwa takribani saa 4. Dimethilpiperidinio, ambayo nitrojeni yake imo ndani ya pete, ilichukua saa 87. Wengi walishangaa, kwa sababu piperidinio ina hidrojeni za beta, zile za kaboni ya pili kutoka kwenye nitrojeni, na tulifundishwa kwamba hizo ndizo mlango wa mmenyuko wa Hofmann, ambapo hidroksidi inang'oa hidrojeni hiyo na kifungo cha nitrojeni kinakatika. Pete inaulinda mlango huo: haijipindi kirahisi ikakaa katika mkao ambao mmenyuko unautaka. Mwaka 2019 timu ya Yushan Yan, Chuo Kikuu cha Delaware, ikatoa tando za pete za aromatiki na piperidinio ambazo sasa nusu ya maabara zinaziiga, yetu ikiwemo.

Lakini zile saa 87 ni za molekuli iliyo huru majini. Ukiifunga pete hiyo kwenye mnyororo mgumu, inabanwa, na uimara unapungua. Nimeona watu wakinukuu namba ile kana kwamba ni dhamana ya utando wao.

Na hapa ndipo ninapotaka kugomba. Tunaloweka tando kwenye chupa, maji tele, tunasubiri saa 1,000, tunachora mstari ulionyooka, tunapongezana. Ndani ya seli hakuna chupa. Kila molekuli ya oksijeni inakula mbili za maji kwenye kathodi, upande wa oksijeni, na nne zinazaliwa upande wa pili, kwenye anodi, upande wa hidrojeni. Ukiongeza mkondo, upande wa kathodi unakauka, na hidroksidi iliyokosa maji ya kuizunguka inakuwa kali kupita kiasi. Mtafiti Dario Dekel na wenzake walilionyesha hilo kwa uwazi: kundi lilelile lililotulia majini linaharibika haraka likikaukiwa. Utando wetu wa sasa, ambao kwa kweli najivunia, ulifeli kwenye shindano la chupa mbele ya tando nyingine kadhaa. Kwenye seli, zile nyingine zilizimika na wetu ukaendelea.

Basi jaribu ukiwa mkavu. Nasema tena, jaribu ukiwa mkavu, na kwenye joto, na mkondo ukipita. Acheni kuabudu upitishaji wa ioni peke yake: mnyororo ukianza kukatika utando unavimba, unanywa maji zaidi, na namba inaweza kubaki nzuri huku utando ukielekea kuwa uji. Pia msipime kwenye hewa ya wazi, maana ndani ya dakika chache hidroksidi inageuka bikaboneti na unapima kitu kingine. Tamaa ya kuongeza makundi chanya nayo iwe na kiasi. Ukipita milimoli 2.5 hivi za makundi kwa gramu ya utando bila kuunganisha minyororo au kuutia wavu wa kuutegemeza, andaa kijiko.

Mdogo wangu, kata kipande cha utando wako kilichotoka kwenye seli, upande wa kathodi, kiyeyushe upige NMR, kile kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, na kingine kivute mpaka kikatike. Nitumie spektra hizo na namba ya mvutano. Grafu ya chupa kaa nayo.