Wasomaji Wauliza: Kwa nini hewa ya ukaa haiingii kwenye mafuta ya alizeti?

SWALI: Nakamua alizeti hapa Lira, Uganda. Nimesikia mafuta yakiunganishwa na hewa ya ukaa hutoa malighafi ya plastiki. Nilipitisha gesi ya mtungi kwenye mafuta ya moto, nikatia soda kali iwe kichocheo. Nikaambulia sabuni. Je, kichocheo kilikuwa kibovu?

JIBU: Hakikuwa kibovu, ila hapo si mahali pake. Soda kali huyavunja mafuta yakawa sabuni, na inayobaki hunyakuliwa na gesi hiyo hiyo ikawa magadi. Mafuta ghafi hayana pa kuishikia hewa ya ukaa. Vifungo maradufu vya alizeti (mahali kaboni mbili zimeshikana mara mbili) sharti vigeuzwe kwanza epoksidi: pete za kaboni mbili na oksijeni moja, zilizobanwa hata kufunguka ni rahisi.

Kwa mafuta gramu 100, tia asidi asetiki gramu 15 na asidi ya salfuri gramu 2. Kisha dondoshea haidrojeni peroksidi ya asilimia 30, gramu 90, huku ukikoroga kwenye nyuzi 60 kwa saa tano au sita. Ajali hutokea hapa. Mmenyuko wenyewe hutoa joto, na ukimimina kwa pupa chombo hufoka. Kisifunikwe kikaziba, na miwani ya kinga usiivue. Osha kwa maji vuguvugu hadi asidi iishe, ukaushe vizuri. Asidi na unyevu huharibu pete.

Sasa ndipo kichocheo kinapohitajika: tetrabutilamonia bromidi, chumvi yenye bromidi, takriban gramu 6.5 kwa gramu 100 za mafuta yenye pete. Bromidi hufungua pete, oksijeni hudaka hewa ya ukaa, kabonati (pete mpya yenye hewa ya ukaa ndani yake) hujifunga, bromidi inatoka kuanza upya. Shikilia nyuzi 110 hadi 120. Ukipita 140 kichocheo huoza. Kwa shinikizo la kawaida tarajia kama siku tatu, kwa kuwa pete zimejibana katikati ya minyororo mirefu. Shinikizo kubwa hufupisha muda, lakini kwa chombo kilichothibitishwa tu (sufuria ya presha ya jikoni haimo).

Mizani itakuambia ukweli: mafuta yakishiba huongezeka karibu gramu 18. Yakiongezeka 8, shuku kwanza ukorogaji, maana yanavyozidi kuwa mazito gesi hupenya kwa shida. Kabonati hiyo ikichanganywa na diamini (kemikali yenye vikundi viwili vya amini) hutoa poliyurethani, aina ya plastiki, bila aisosayaneti, kemikali zenye sumu zinazotumika kwa kawaida kuitengeneza.

Kwa mkamuaji mdogo hatuoni faida ya haraka. Jaribu gramu 100 kwenye maabara ya kemia ya chuo kabla ya kununua pipa la peroksidi.