Tulikaa nyuma kabisa Namugongo na Komunyo haikutufikia. Je, tulishiriki Misa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, ninaishi na kufanya kazi Kampala, huu ni mwaka wa sita. Juni 3 mwaka huu mama, dada yangu na watoto wake walikuja kwa basi kupitia Busia, tukaenda Namugongo pamoja kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Tulichelewa, tukakaa nyuma kabisa. Altare hatukuiona, tulisikia vipaza sauti tu. Katikati ya Misa ilibidi niwalishe watoto, na Komunyo haikutufikia. Sasa jirani ya mama, aliyekwenda kwa miguu kutoka Kisumu, anamwambia kwamba sisi tulikwenda matembezi, hatukuhiji. Mama hana raha. Alirudi na mtungi wa maji ya kule na kila jioni anayapaka gotini. Tumwambie nini?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwambieni mama mlishiriki Misa. Nimelitanguliza hilo ili asikae na uzito moyoni akingoja nimalize maelezo.

Kushiriki Misa hakupimwi kwa hatua kutoka altareni. Walimu wa sheria za Kanisa wamefundisha tangu zamani kwamba aliye sehemu ya kusanyiko, hata akiwa nje ya mlango kwa sababu ndani kumejaa, amehudhuria, mradi anafuata kinachoendelea. Kanoni 932, yaani kifungu cha 932 cha sheria hizo, inataka Misa iadhimishwe mahali patakatifu, ila pale ambapo haja inalazimu vinginevyo, na umati wa Juni 3 hauwezi kuingia katika basilika ile hata ukisimama bega kwa bega. Kwa hiyo uwanja ule wote ndio kanisa siku hiyo, pamoja na hapo nyuma mlipotandika leso. Ingekuwa mmebaki nyumbani mkaangalia kwenye televisheni ningejibu tofauti: hiyo ni ibada njema, na mgonjwa inamfariji sana, lakini si kuhudhuria.

Kuhusu watoto, nakuomba ufungue Kumbukumbu la Torati 31:12. Musa anaagiza watu wakusanywe wasikie sheria, na anawataja wanaume, wanawake, watoto, na mgeni anayeishi kati yao. Watoto wenu wamo, na wewe unayeishi ugenini umo. Kisha soma Nehemia 8. Ezra anasoma kitabu uwanjani, juu ya jukwaa la mbao, tangu asubuhi hadi adhuhuri, watu wanalia, na wanaambiwa waende wakale vinono na wampelekee sehemu yake asiye na kitu. Chakula na ibada ya hadharani vinajuana tangu zamani.

Mimi mwenyewe, kabla sijapata upadre, niliwahi kusimama nyuma kama ninyi. Kando yangu mama mmoja alikuwa akimmenyea mwanawe kiazi kitamu kilichochemshwa. Kengele ya mageuzo ilipolia aliweka kiazi juu ya leso, akaifuta mikono ya mtoto kwa pindo la gauni lake, akaiunganisha viganja kwa viganja na kuishika hivyo mpaka kengele ya pili. Halafu akaendelea kumenya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini wasiwepo kwenye fumbo hili kama wageni au watazamaji bubu. Sijaona hati ile ikitimizwa vizuri kuliko pale.

Komunyo. Naelewa uchungu wa kurudi bila kupokea, na sitaki kuupuuza. Lakini sheria yenyewe inatenganisha mambo haya mawili: kila Dominika tunawajibika kushiriki Misa, ilhali kupokea Komunyo Kanoni 920 inalazimisha angalau mara moja kwa mwaka. Misa yenu haikuwa nusu. Kanisa linatufundisha pia Komunyo ya kiroho: unamwambia Bwana kwa maneno yako kwamba unamtamani na umezuiwa. Na Kanoni 918 inaruhusu kupewa Komunyo nje ya Misa kwa sababu ya haki. Mwakani, ikitokea tena, jioni mpeleke mama kwa paroko wako hapo Kampala mkamweleze. Tena angalia kalenda: Juni 3 ikiangukia Jumamosi kama 2023, Misa ile ya asubuhi haihesabiwi kuwa ya Dominika, kwa maana Kanoni 1248 inataja jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Nije kwa jirani, kwani hapo ndipo mama ameumizwa. Kutembea karibu kilomita 300 ni sadaka kubwa na namheshimu aliyeitoa. Ila sadaka si nauli ya kununulia baraka. Watazame mashahidi wenyewe. Karoli Lwanga na wenzake walitembezwa wamefungwa kutoka Munyonyo, naye Kizito, kijana wa miaka kama 14, alikuwa amebatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia safari hiyo. Wakachomwa Namugongo Juni 3, 1886. Lakini kati ya wale 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, wako ambao Namugongo hawakufika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 15, 1885, miezi kabla ya wenzake. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani. Matia Mulumba alikatwakatwa na kuachwa Kampala, na Nowa Mawaggali alifia Mityana. Basilika ina nguzo 22, na wasiofika wamehesabiwa humo. Kama Kanisa halikumpunguzia Ngondwe kwa kutofika, nani atampunguzia mama mwenye goti bovu kwa kupanda basi?

Jirani huyo msigombane naye. Mkaribisheni chai, mwombeni asimulie njia aliyopita. Aliyetembea siku zote hizo hutamani mtu wa kumsikiliza miguu yake ingali inauma, na pengine ndiyo sababu ya ukali wake.

Maji apake, na asali anapopaka, akimwomba Mungu kwa maombezi ya mashahidi. Asiyanywe bila kuchemsha, asiyauze, na dawa za goti alizoandikiwa hospitalini asiziache hata siku moja. Yakianza kubadilika rangi, msiyamwage chooni wala mtaroni. Yamwageni kwenye udongo, chini ya mti, mahali pasipokanyagwa na watu.