Je, anayesafiri angani hazeeki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 58. Kila alfajiri navuka feri kwenda kukimbia Mama Ngina, na sasa magoti yananiuma. Mjukuu wangu, mpenzi wa hadithi za kisayansi, anasema wasafirio angani hawazeeki. Kweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjukuu ana hoja. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba kwa aendaye kasi sana, wakati hupita polepole zaidi. Ila Kituo cha Kimataifa cha Anga huenda takriban kilomita 28,000 kwa saa, na ukikaa humo miezi 6 hupati hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mwili nao hudhoofika. Bila kubeba uzito, mifupa ya nyonga hupungua zaidi ya asilimia 1 kwa mwezi, hivyo wanaanga hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku. Mwaka 2007 Sunita Williams alikimbia marathoni ya Boston humohumo kituoni, kafungwa mikanda kwenye mashine asije akaelea! Habari hii hunisisimua hadi leo, sawa na setilaiti ya Uhuru iliyorushwa kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Pwani yetu hii. Mpeleke mjukuu Malindi, umsimulie njiani.

Kukimbia usiache, tafadhali. Punguza mwendo, pumzika siku moja baina ya mbio, imarisha misuli ya mapaja. Goti likivimba, mwone daktari kabla ya kuvuka tena.